UZI: "Tumepewa?" "Ndiyo." Uchovu wa marubani na maneno yanayopotea kwenye njia ya kurukia

Mrukausiku

Wakuu, naomba mnivumilie, uzi utakuwa mrefu na nitauleta kwa vipande. Mimi ni rubani msaidizi wa ndege za mizigo. Kazi yetu ni ya usiku: wengine wakiwa wamelala, sisi ndio tunapishana huko juu na makasha. Kuna jambo lilinitokea miaka kadhaa iliyopita na sijawahi kuliandika popote. Ninaliandika leo kwa sababu kila ndege zikigongana uwanjani nasoma watu wakisema, "Rubani mzembe huyo, aliambiwa asimame akapita." Nataka mjue jinsi mtu anavyoweza kuambiwa asimame, akajibu kwamba atasimama, kisha akapita, na huku moyoni anaamini ametii.

Ulikuwa usiku wa nne mfululizo. Tulishatua mara mbili, tunajiandaa kuruka mara ya tatu, saa 10 alfajiri na dakika kadhaa. Mchana wake nilikuwa nimelala, kama kulala ni kugeukageuka kwenye chumba chenye pazia jepesi huku mtu anaburuta kitu koridoni. Kapteni wangu alikuwa mtu makini kupita kiasi, wa kupanga kalamu zake tatu sambamba kabla hajagusa chochote.

Tukaanza kutambaa kuelekea njia ya kurukia. Hakukuwa na ukungu wala mvua. Mnara ukatuita: tusogee hadi mstari wa kusubiri, tusimame hapo, kuna ndege inakuja kutua. Redio nilikuwa nayo mimi. Nikarudia neno kwa neno kwamba tunasogea hadi mstarini na tutasubiri, nikataja namba yetu. Mwongozaji akaridhika. Nikainamia orodha ya ukaguzi, nikaanza kusoma vipengele.

Ndege haikusimama. Nilihisi pua inaanza kukata kona, ule msukumo mdogo wa mwili kwenye kiti. Kapteni akaniuliza bila kugeuza kichwa, "Tumepewa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Wakuu, sikudanganya. Dakika ile mngeniapisha ningeapa kwamba nimeisikia ruhusa kwa masikio yangu. Nilipoinua macho niliona ile mistari minne ya njano, miwili mizima na miwili ya vipandevipande, inaingia chini ya pua yetu. Halafu upande wangu wa kulia, kule gizani, taa mbili nyeupe zimetulia tuli, haziendi kushoto wala kulia, zinakua tu. Nikapiga kelele, "Simama!" Kapteni akakanyaga breki hadi kalamu zikamwagika sakafuni. Mnara ukaiamuru ile nyingine ighairi kutua. Ilipita juu yetu, na mtetemo wake niliusikia kwenye meno.

Hakuna aliyeumia, na hakuna gazeti lililoandika. Ila ile "ndiyo" bado naisikia. Naendelea baadaye.

Abiria wa Dirishani

Mkuu pole sana, mwili umenisisimka. Lakini naomba nielewe, maana hapo ndipo nilipokwama: uliambiwa usubiri, ukajibu utasubiri, dakika moja baadaye unaapa umeruhusiwa. Inawezekanaje? Mdomo wako mwenyewe si ndio uliotamka?

Mrukausiku

Ndugu yangu, hilo ndilo swali lililoninyima usingizi hata siku nilizokuwa na nafasi ya kulala.

Maelekezo ya redio rubani huyasikia maelfu ya mara, na mara nyingi huja kwa mpangilio uleule: sogea, subiri, ingia, ruka. Ubongo unazoea kutangulia mbele. Mtu aliyepumzika akisikia "subiri" mahali alipotarajia "ingia", kitu kinamgutua. Mtu aliyechoka, kile cha kugutua ndicho kinachozimika kwanza. Mdomo unarudia maneno kama unavyoitikia salamu, na kichwani kinabaki kile ulichokuwa unakitarajia. Usiku ule tulikuwa tumeruhusiwa kuingia moja kwa moja mara mbili bila kusimamishwa. Mara ya tatu masikio yangu yalileta jibu la zile mbili za mwanzo.

Watu wengi wanadhani uchovu ni kusinzia. Kusinzia kuna nafuu yake, kwa sababu unajijua. Uchovu wa kazi hii unakuacha macho makavu, unaongea, unabonyeza vitufe sawasawa, na unajiona uko vizuri. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walichapisha utafiti katika jarida la Nature wakilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa 17 utendaji wake ulishuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyefikisha saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10, kiwango ambacho nchi nyingi zitakunyang'anya usukani wa gari. Na kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi mwili una bonde lake: joto linashuka, umakini unashuka, hata kama jana ulilala. Sisi tulikuwa katikati ya bonde hilo, na deni la siku nne mgongoni.

Yule kapteni naye aliniuliza swali ambalo lilishabeba jibu lake. Hakuuliza "Wamesemaje?" Aliuliza "Tumepewa?" huku ndege inakata kona. Mimi msaidizi wake, saa 10 alfajiri, nikampa lile neno lililokuwa jepesi kutamka.

Fundi wa Zamu

Naweka kambi hapa. Mkuu, ulivyosema hiyo "ndiyo" umenikumbusha ajali ya ndege mbili kugongana uwanjani Tenerife. Tunaomba uielezee, wengi humu wanaijua juu juu tu kwamba kulikuwa na ukungu.

Mrukausiku

Tenerife nitaieleza polepole, kwa sababu kila nikiisoma naona kokpiti yetu, kile chumba cha marubani.

Machi 27, 1977. Bomu lililipuka kwenye uwanja wa Gran Canaria, ndege nyingi zikaelekezwa uwanja mdogo wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife. Miongoni mwake Boeing 747 mbili: KLM 4805 ya Uholanzi na Pan Am 1736 ya Marekani. Uwanja ukajaa hadi ndege zikaegeshwa kwenye njia za pembeni, kwa hiyo aliyetaka kuruka ilibidi atambae juu ya njia ya kurukia yenyewe hadi mwisho, ageuke, ndipo aruke. Gran Canaria ikafunguliwa tena. Pan Am walikuwa tayari, ila KLM ilikuwa imewazibia njia, inajaza mafuta, kama lita 55,000.

Hapa ndipo saa za kazi zinapoingia. Uholanzi ilikuwa imekaza kanuni za muda wa marubani kuwa kazini. Zamani kapteni aliweza kuongeza muda kwa uamuzi wake. Chini ya kanuni mpya, kuzidisha lilikuwa kosa la kisheria. Kapteni Jacob Veldhuyzen van Zanten, mkufunzi mkuu wa marubani wa 747 katika shirika lake, alikuwa anahesabu muda. Akichelewa zaidi, abiria walale kisiwani na safari nzima ivurugike. Kanuni iliyotungwa kumlinda dhidi ya uchovu ikawa saa inayogonga kichwani mwake. Sisemi kanuni ilikosea. Nasema mtu aliyechoka na anayekimbizana na muda anabeba mizigo miwili, na wa pili hauonekani kwenye ratiba yoyote.

Wingu likashuka. KLM wakafika mwisho, wakageuka. Nyuma yao, ndani ya wingu hilohilo, Pan Am walikuwa bado wanatambaa kwenye njia hiyohiyo wakitafuta mchepuko wa tatu walioambiwa watokee. Mnarani hakuna anayewaona, na rada ya ardhini hakuna.

Mara tu baada ya kugeuka, van Zanten alianza kusukuma mikono ya injini. Rubani msaidizi wake akamzuia: bado hatujapewa ruhusa. Kapteni akasema anajua, amwombee. Tafadhali mkumbuke hapo. Msaidizi alishamzuia bosi wake mara moja.

Mnara ukatoa maelekezo ya njia ya angani, yaani wapi wapite wakishapaa. Hiyo siyo ruhusa ya kuruka. Lakini ndani ya sentensi ile neno la kuruka lilikuwamo. Msaidizi akaanza kurudia maelekezo, na kabla hajamaliza kapteni akaachia breki. Sasa ndege inakwenda, na msaidizi yuko katikati ya sentensi. Akamalizia kwa Kiingereza cha kuungaunga, kitu kama "sasa tupo kwenye kuruka". Mnarani wakaelewa: wapo tayari mahali pa kurukia. Mwongozaji akajibu "sawa", akanyamaza kidogo, kisha akaongeza wasubiri, atawaita. Pan Am nao, waliposikia, wakawahi redio kusema bado wapo kwenye njia.

Redio zile ni za mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wawili wakibonyeza pamoja, sauti zinaumana. Kokpiti ya KLM ilisikia "sawa", kisha mlio mkali. "Subiri" na "bado tupo" vyote vikazama humo.

Bado kulikuwa na nafasi ya mwisho. Mnara ukawaambia Pan Am watoe taarifa wakishatoka, nao wakajibu, na hayo KLM waliyasikia vizuri. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani, akauliza: kwani huyo Pan American hajatoka? Kapteni akajibu kwa mkazo: ametoka.

Watu 583 walikufa. Wote waliokuwa ndani ya KLM, na 335 wa Pan Am. Walionusurika walikuwa 61, wote wa Pan Am.

Swali la mhandisi lilikuwa sahihi. Jibu alilopewa ni ndugu wa ile "ndiyo" yangu: jibu la mtu ambaye kichwa chake kimeshapaa.

Sauti ya Mnara

Kaka Mrukausiku, asante. Mimi nilikuwa mwongozaji wa ndege kwa miaka mingi, sasa nimestaafu. Niongeze upande wetu, kwa sababu uchovu hauishii kokpiti.

Baada ya Tenerife, neno la kuruka kwa Kiingereza liliwekewa mipaka. Linatamkwa mahali pawili tu: wakati wa kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka, au wakati wa kuifuta. Kwingine kote linatumika neno la kuondoka. Vijana wanaoanza kazi wanaona ni ukali usio na maana, wakishasikiliza simulizi kama hii wanaelewa kila neno lilikotoka. Ni hivyohivyo kwa sharti la kurudia namba ya njia na agizo la kusubiri. "Nimekupata" haitoshi.

Lakini kurudia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sisi kusikiliza kilichorudiwa, na hapo ndipo mwongozaji aliyechoka anapoanguka. Unaongea na ndege sita, mbili namba zake zinafanana hadi tarakimu ya mwisho. Umeshatoa agizo sahihi, kwa hiyo sikio linategemea kusikia sahihi. Rubani akirudia vibaya, unasikia ulichosema wewe, siyo alichosema yeye. Nimewahi kujisikiliza kwenye kanda baada ya tukio dogo na sikuamini. Rubani alirudia namba tofauti kabisa, kwa sauti safi, na mimi nikamjibu kwa upole kwamba ndivyo hivyo.

Lexington, Kentucky, Agosti 27, 2006. Comair 5191 ilipangiwa njia namba 22, yenye urefu wa zaidi ya mita 2,100. Marubani wakaingia namba 26, yenye takriban mita 1,070 na isiyo na taa. Alfajiri, bado giza. Msaidizi alitamka kabisa kwamba ni ajabu hakuna taa, wakaendelea. Walikufa 49 kati ya watu 50. Mwongozaji alikuwa peke yake mnarani, na katika saa 24 zilizotangulia alikuwa amelala kama saa 2, kwa sababu mapumziko kati ya zamu mbili yalikuwa saa 9 tu. Alitoa ruhusa, akageuka kufanya kazi za makaratasi. Simtetei wala simlaumu. Toa hapo safari ya kwenda nyumbani, kula, kuoga na kurudi, kisha tuone kinachobaki cha kulala.

Namba Hazidanganyi

Nyote mmeeleza vizuri ila mimi natofautiana kidogo. Saa za kazi zina kanuni. Marubani wana mapumziko ya lazima kisheria. Mtu akiwa ndani ya sheria halafu anasema amechoka, si ina maana hakutumia mapumziko yake vizuri? Kazi zote zina zamu za usiku.

Mrukausiku

Hoja yako naiheshimu, wakubwa wengi kazini wanaisema hivyohivyo. Nikupe kisa kimoja.

San Francisco, Julai 7, 2017, dakika chache kabla ya saa 6 usiku. Air Canada 759, Airbus A320 kutoka Toronto, watu 140 ndani. Kati ya njia mbili zilizo sambamba, ya kushoto ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa. Marubani waliona njia moja yenye taa, wakaidhania ni ile ya kushoto, wakalenga upande wa kulia wake. Huko kulia hakukuwa na njia ya kurukia. Ilikuwa njia ya pembeni, na juu yake ndege nne zimepanga foleni zikisubiri kuruka.

Wenyewe walihisi kuna kitu, kwa sababu waliuliza mnara kama njia iko wazi, maana wanaona taa juu yake. Mnara ukaangalia njia sahihi, ukaona iko wazi, ukajibu kweli: iko wazi, hakuna mtu. Pande zote mbili zilisema kweli kuhusu mahali pawili tofauti. Rubani wa ndege ya kwanza kwenye foleni ndiye aliyepaza sauti redioni: huyu anakwenda wapi, yupo juu ya njia ya pembeni! Walipopaa tena walishashuka hadi kama futi 60 kutoka ardhini. Mkia wa ndege kubwa iliyokuwa kwenye foleni ile unakaribia urefu huo.

Kapteni alikuwa macho zaidi ya saa 19, msaidizi zaidi ya saa 12. Na kapteni huyo alikuwa ndani ya sheria ya nchi yake. Alikuwa wa akiba, yaani ameamka asubuhi kama kawaida, anasubiri kuitwa, akapewa safari ya usiku. Saa za kusubiri hazikuhesabiwa kama ambavyo zingehesabiwa chini ya kanuni za Marekani, ambako asingeruhusiwa kufanya safari ile. Baadaye Canada ilibadilisha kanuni zake, na kwa mashirika makubwa zikaanza kutumika Desemba 2020.

Kwa hiyo ndugu, sheria inahesabu saa za mapumziko. Usingizi haiuhesabu. Mtu anayepewa saa 10 za kupumzika kuanzia saa 3 asubuhi hajapewa kitu kilekile na aliyepewa saa 10 kuanzia saa 3 usiku. Mwili unajua jua liko wapi.

Dada wa Kabini

Mimi ni mhudumu wa ndege na nimenyamaza muda mrefu nikisoma. Kuna kitu kinaniuma: ajali ya uwanja wa Haneda, Tokyo. Januari 2, 2024. Wenzetu wa Japan Airlines 516 walitoa watu wote 379 kwenye ndege yao, Airbus A350, inayowaka, na dunia ikawapongeza, ni haki yao. Ila kwenye ndege ya walinzi wa pwani iliyogongwa walikufa watano kati ya sita, na walikuwa wanapeleka misaada kwa waliopatwa na tetemeko la Noto la siku moja kabla. Hao hawazungumzwi sana. Ulikuwa uchovu?

Mrukausiku

Dada, asante kwa kuwakumbuka.

Kuhusu uchovu wao sitasema zaidi ya kinachojulikana. Walikuwa katika kazi ya dharura siku ya pili ya maafa, na kapteni alitaka kuwahi. Ninachoweza kueleza ni maneno. Mnara uliwaambia wasogee hadi kituo cha kusubiri C5, na ukawaambia wao ni namba moja. Maana yake ni wa kwanza kwenye foleni ya kuruka. Walirudia sawasawa: kituo cha kusubiri C5, namba moja, asante. Ukisikiliza, hakuna kosa hata silabi. Lakini mtu mwenye haraka na sababu njema akisikia "namba moja", anasikia mlango unafunguliwa. Wakaingia. Wakasimama juu ya njia kama sekunde 40, A350 ikashuka juu yao. Mnarani skrini ilikuwa na mfumo unaobadilisha rangi njia ikiwa na mtu, na haikugunduliwa kwa wakati. Baada ya hapo Japani ilisitisha kwa muda matumizi ya neno hilo la foleni.

Ndiyo maana nasema kurudia neno kwa neno siyo uthibitisho kwamba watu wameelewana.

Abiria wa Dirishani

Sasa mkuu, si waweke taa tu? Nyekundu usipite, kama barabarani.

Sauti ya Mnara

Zipo. Kuna mstari wa taa nyekundu ardhini kabla ya njia ya kurukia, na rubani haruhusiwi kuuvuka ukiwaka hata kama mnara umempa ruhusa kwa mdomo. Ni kinga nzuri mno. Tatizo ni kwamba viwanja vingi havina, au vinaziwasha wakati wa ukungu tu, au zimeharibika zinasubiri vipuri. Pale Haneda za C5 hazikuwa zikifanya kazi. Linate, Milano, Oktoba 8, 2001, watu 118 walikufa ndege ndogo ilipoingia njia isiyo yake ndani ya ukungu, na rada ya ardhini ya uwanja ilikuwa haifanyi kazi. Mitambo ikiwa mibovu, kinachobaki ni masikio ya watu, na masikio yanachoka.

Fundi wa Zamu

Na kulala kokpiti? Nasikia wanaruhusiwa kupokezana.

Mrukausiku

Nchi nyingine zinaruhusu, nyingine hazitaki hata kusikia. Utafiti wa NASA ulionyesha marubani waliopewa nafasi ya dakika 40 walilala wastani wa dakika 26, na waliamka wakiwa na umakini bora kuliko wenzao ambao hawakulala. Naunga mkono kabisa, kwa utaratibu: mwenzako anajua, muda umepangwa, na ukiamka unakaa kwanza bila kugusa kitu.

Hilo la mwisho lina damu ndani yake. Mangalore, India, Mei 22, 2010, Air India Express 812. Kapteni alilala sehemu kubwa ya safari, kinasa sauti kilinasa hadi kukoroma kwake, akaamka karibu na wakati wa kushuka. Mtu aliyeamka kutoka usingizi mzito ana kipindi cha uzito kichwani, anatenda ila hapimi. Walikuja juu mno. Msaidizi alimwambia zaidi ya mara moja waghairi wapae tena. Waligusa chini wakiwa wamekula zaidi ya nusu ya njia. Walikufa 158. Msaidizi yule alikuwa na neno sahihi mdomoni, na usukani haukuwa mikononi mwake.

Namba Hazidanganyi

Nimesoma yote. Nimekuelewa kuhusu saa za mapumziko na saa za kulala, hapo nilikuwa sijafika. Lakini basi mnafanyaje? Huwezi kumwambia kila rubani aliyechoka asiruke, ndege zitalala zote.

Mrukausiku

Zipo ndege zinazopaswa kulala, mkuu. Ila nikujibu kwa kile ninachokiona kwenye kiti changu.

Nikupe Providence, Rhode Island, Desemba 6, 1999. Usiku, ukungu mzito. Ndege ya United ilipotea ikitambaa, ikajikuta kwenye njia ya kurukia, na ndege ya mizigo ikapaa karibu nayo kabisa. Rubani wa United akawa anaueleza mnara kwamba wapo kwenye njia, mwongozaji akawa anaona haiwezekani. Katikati ya mkanganyiko huo mnara ukaipa ruhusa ndege ya US Airways iruke. Wale marubani wakakataa. Wakakataa tena. Hawakuondoka hadi United ikathibitishwa kufika mlangoni. Hawakuwa na rada, hawakuona chochote kuliko wengine. Walisikia tu sauti za watu ambao hawakuelewana, wakaamua kutosogea. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na saa ile ya usiku kuuliza ni kazi ngumu kuliko kuruka, maana unayemuuliza amechoka kama wewe na sauti yake inakuonyesha hivyo.

Mimi na kila kapteni ninayeruka naye sasa tuna kitu kidogo. Akiniuliza kama tumepewa, sijibu ndiyo wala hapana. Nataja maneno niliyoyasikia, yote, na namba ya njia. Nikishindwa kuyataja, basi sikuyasikia, nabonyeza redio nauliza. Na mikono yake haitoki kwenye breki mpaka nimalize. Orodha ya ukaguzi siisomi tena tukiwa tunakaribia ule mstari wa njano. Inasubiri.

Dada wa Kabini

Kaka, swali langu la mwisho. Yule kapteni wako na wewe, mlisema? Au mlikubaliana yaishe? Kwetu mtu akisema amechoka anaandikwa jina.

Mrukausiku

Dada, hilo la kuandikwa jina lipo na linaua. Nimeona mtu akipiga simu kusema hawezi kuruka kwa uchovu, wiki iliyofuata anaitwa aeleze alikuwa wapi usiku. Wenzake wote wakajifunza siku hiyohiyo. Tangu hapo wakichoka wanasema tumbo linauma, na kwenye takwimu za shirika uchovu ukapungua.

Kuhusu sisi. Hatukuruka tena alfajiri ile. Kapteni aliuambia mnara tunarudi, akaiegesha ndege, akaokota kalamu zake chini ya kiti. Nilidhani atanigeukia, kwa sababu "ndiyo" ilikuwa yangu. Tulikaa kimya hadi injini ya mwisho iliposimama. Kisha akafungua fomu ya taarifa akaniwekea mapajani, akasema tuijaze sasa hivi kabla hatujalala, tukilala kila mmoja ataamka na hadithi yake. Tuliijaza pamoja. Palipoulizwa nani alikosea ruhusa, aliandika majina yote mawili, la kwake juu. Palipoulizwa saa tulizolala kwa siku nne, tulihesabu kwa vidole, tukatofautiana, tukahesabu upya. Yangu ilikuwa saa 17. Yake 15.

Aliiangalia ile 15 kwa muda, akaniuliza, "Ungeniuliza jioni ile kama niko sawa, unadhani ningekujibu nini?"

Nikamwambia asinijibu.